Esansi Ikipanda, Mgongo wa Nani Unalipa?



Kila mara bei ya esansi inapopanda, mabishano yetu yanapita njia moja. Mmeyasikia kwenye barza za moto kule Lubunga, mmeyasikia kwenye auditoire, na hapa kwenye ukurasa wetu pia. Wa kwanza anasema: serikali ilipe tofauti, mwananchi asiguswe. Wa pili, mara nyingi ni yule aliyesoma uchumi, anajibu: ukishusha bei kwa nguvu, mafuta yatapotea kabisa, acha bei ifuate soko. Wa tatu anachoka na wote wawili: "Tuko na mawese, tuko na mto, tuko na jua. Sababu gani tunangojea meli ya Mombasa?" Na pembeni kuna dereva wa moto ambaye hana muda wa mambo hayo. Anatafuta Kadhafi mwenye bidoni, amalize siku.

Mimi nilisoma historia, basi mnivumilie. Sitaki kusema nani kati ya hao watatu ana haki. Nataka kuonyesha kwamba yote matatu yamekwisha kujaribiwa katika nchi yetu, mengine hapa hapa Tshopo, na kwamba kila mara mafuta yalipokosekana au kupanda, kuna mtu alilipa kwa mwili wake. Mtu huyo haonekani katika hesabu. Ndiye ninayemtafuta katika maandishi haya.

Mafuta ya kwanza ya injini kwetu yalikuwa kuni. Tunasahau hilo. Meli za moshi zilipoanza kupanda mto mpaka kwenye maporomoko yetu miaka ya 1880, hazikubeba makaa ya kutosha safari nzima. Zilikula msitu. Joseph Conrad, yule mwandishi, alifika hapa Septemba 1890 akiwa ndani ya meli ndogo iliyoitwa Roi des Belges, na meli za namna hiyo zilikuwa na kawaida moja: jioni zinasimama ukingoni, watu wanashuka na mashoka na misumeno, wanakata usiku ili asubuhi injini ipate chakula. Baadaye vikawekwa vituo vya kuni kandokando ya mto, na vijiji vikapewa kazi ya kuvijaza. Reli ya Stanleyville mpaka Ponthierville, yaani Kisangani mpaka Ubundu, kilomita 125, ilifunguliwa 1906, nayo ilikunywa kuni vilevile.

Kwa upande wetu wa Lomami ni habari ile ile. Meli ziliingia kwa Isangi, zikapanda kupita Opala. Kampuni iliyoitwa Compagnie du Lomami, iliyoundwa 1898, ilikuwa imepewa ardhi kubwa kandokando ya mto, na kilichotafutwa kilikuwa mpira. Ukiangalia vitabu vya hesabu vya wakati ule, safari ya meli inaonekana rahisi. Kuni ilikuwa karibu bure. Ilikuwa bure kwa sababu aliyeikata hakuulizwa bei.

Sasa tuje kwenye mawese, na hapa nitakaa kidogo, maana wengi wanaosema "tutengeneze mazutu ya mawese" wanadhani ni wazo jipya la intaneti. Hapana. Ni wazo la zamani sana, na sehemu yake ilizaliwa kwetu.

Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya dizeli iliyokuwa ikitembea kwa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel mwenyewe alisimulia habari hiyo mwaka 1912. Alieleza kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyoomba jaribio lile, kwa kuwa ilikuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zililimwa kwa wingi. Angalieni jambo hili vizuri: miaka zaidi ya mia moja iliyopita kulikuwa na ofisi mjini Paris iliyojiuliza swali lile lile la barza ya Lubunga. Bara hili liko mbali na visima vya mafuta, je, haliwezi kuzalisha nguvu yake lenyewe? Tofauti ni kwamba wao waliuliza kwa faida ya koloni, si kwa faida ya aliyelima karanga.

Wabelgiji walifika kwenye swali hilo kwa njia ya mawese. Mwaka 1911 walifanya mapatano na Lever, mwenye sabuni, na ndipo Huileries du Congo Belge ikazaliwa, na maduara yake makubwa ya ardhi. Duara moja lilikuwa kwetu, Elisabetha, mahali tunapopaita leo Lokutu, chini kidogo ya mto kutoka Isangi. Mwaka 1933 ikaundwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, na kituo chake kikuu kikawekwa Yangambi. Na pale Yangambi kulifanyika kazi ambayo kila mwanafunzi wa Tshopo angepaswa kuijua kama anavyojua jina la mwalimu wake wa kwanza. Watafiti wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walitoa mwaka 1941 maelezo ya jinsi ganda la ngazi linavyorithiwa. Mungazi wa ganda nene unaitwa dura. Ule usio na ganda unaitwa pisifera, na kwa kawaida hauzai vizuri. Ukiukutanisha huu na ule unapata tenera, ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Basi. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia, yale yanayolisha dunia nzima leo, ni mashamba ya tenera. Sisi tunanunua mafuta yao ya kupikia sokoni Kisangani, na elimu yake ilitokea kilomita mia moja tu kutoka hapa. (Nikifikiria hilo nikiwa kwenye foleni ya soko, nasikia hasira na kicheko kwa pamoja.)

Wakati huohuo, mjini Brussels, mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Chavanne, alikuwa anashughulika na shida ya injini. Mawese ni mazito. Kila mama wa kwetu anajua kwamba asubuhi ya baridi chupa ya mawese inaganda nusu. Ukiyatia hivyo katika injini ya dizeli, yataziba sindano za kurushia mafuta na kuacha masizi. Uzito ule unatokana na gliserini, ambayo inafunga pamoja minyororo mitatu ya asidi za mafuta. Chavanne alifanya hivi: unachanganya mawese na alkoholi, unaongeza kichochezi, gliserini inajitenga na kuzama chini, na juu unabaki na kiowevu chepesi kinachopita katika injini karibu kama mazutu ya kawaida. Hati yake ya ugunduzi ina namba 422,877, tarehe 31 Agosti 1937. Mwaka 1938 basi moja la abiria lilitembea kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta hayo, mafuta yaliyotoka katika mawese. Mwaka 1942 ikatoka taarifa ndefu katika jarida la kilimo la Kongo ya Wabelgiji, ikieleza mawese kama mali ghafi ya mafuta ya injini. Wenye elimu ya kemia leo wanaitaja kazi ile kama mwanzo wa kitu kinachoitwa biodizeli.

Kwa hiyo mwenzetu anaposema tuko na mawese, hajakosea. Sayansi iko, na ni ya umri wa babu.

Lakini msomeni vizuri mwaka huo: 1942. Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu Mei 1940. Kongo ilikuwa peke yake upande wa Washirika, chini ya gavana Ryckmans, na meli za kuleta chochote zilikuwa chache. Japani ilikuwa imechukua Malaya na visiwa vya Indonesia, yaani mpira na mawese ya Asia yalikuwa yamepotea kwa Washirika. Ndipo macho yote yakageukia msitu wetu. Kazi ya lazima ya vijijini, ambayo kisheria ilikuwa siku 60 kwa mwaka, ikapandishwa mwaka huohuo wa 1942 mpaka siku 120. Wazee wa misitu hii walirudishwa kutafuta mpira wa porini, kazi ambayo baba zao waliikimbia wakati wa Leopold. Wengine walitakiwa kuleta ngazi. Mtu anajifunga mkanda, anapanda mungazi mrefu kama nyumba ya ghorofa, anakata kichala juu, anashuka, anakibeba. Bei haikuwa yake kupanga.

Na haikuwa jambo la vita tu. Kabla ya hapo, mwaka 1931, mbali na kwetu, kule Kwilu, Wapende waliinuka. Bei ya mawese duniani ilikuwa imeanguka, kampuni zikapunguza malipo ya mkata ngazi, kodi ikabaki vilevile. Jeshi lilitumwa, watu mamia waliuawa. Ninalitaja hilo kwa sababu kuna namna ya kusimulia mawese kama dhahabu ya kijani iliyokuwa ikingoja tu mtu mwenye akili. Mawese yalikuwa na watu chini yake tangu siku ya kwanza.

Baada ya vita mafuta ya ardhini yakawa rahisi, na habari ya Chavanne ikalala kabatini kwa miaka arobaini na zaidi. Serikali ya kikoloni haikuona tena sababu. Hilo nalo ni funzo kwa mabishano yetu: bei ya mafuta ikishuka, kila wazo zuri linasahauliwa, mpaka ipande tena.

Miaka ya 1970 nitapita haraka, maana wengi mnaijua kwa masimulizi ya nyumbani. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilifunga bomba kwa marafiki wa Israeli, na bei ya mafuta ikapanda mara nne katika miezi michache. Mobutu alikuwa amekata uhusiano na Israeli siku chache tu kabla ya vita ile, akiwa Umoja wa Mataifa. Novemba 30 mwaka ule ule akatangaza zairianisation, na mara baada ya hapo biashara ya kusambaza mafuta ikachukuliwa kutoka kwa makampuni ya kigeni, ikawekwa chini ya Petro-Zaïre. Shaba ilikuwa na bei ya ajabu mwanzoni mwa 1974, kila mtu aliamini pesa haitakwisha. Kufika 1975 shaba ilikuwa imeanguka karibu mara tatu, mafuta yalibaki juu, na deni likaanza. Baada ya miaka michache makampuni ya kigeni yalirudi.

Kichekesho ni kwamba mwaka ule ule wa 1975 mafuta yetu wenyewe yalianza kutoka baharini, kule Muanda. Na kiwanda cha kusafisha kilikuwepo tayari huko huko Muanda, SOCIR. Ila kilijengwa kwa ajili ya mafuta mepesi ya kuletwa kutoka nje, na ya kwetu ni mazito. Mpaka leo mafuta ghafi ya Muanda yanapakiwa melini yaende zake, na esansi inarudi kwa meli nyingine. Nikiulizwa na mwanafunzi nchi yenye mafuta inakosaje mafuta, ninamjibu kwa jambo hilo moja tu, inatosha.

Sasa toleka. Ninyi wenye umri wa chini ya miaka ishirini na mitano mmelikuta neno hili likiwa limezeeka. Katika miaka ya 1990 Kisangani ilikuwa inakufa polepole. Uporaji wa 1991 na 1993 ulimaliza maduka na viwanda, pesa ilikuwa inapoteza thamani kati ya asubuhi na jioni, mabasi na teksi zilikufa kwa kukosa vipuri na esansi. Vijana wakatoa kinga, yaani baiskeli, wakaweka kiti cha sponji nyuma, wakaanza kubeba watu kwa malipo. Toleka, kwa Lingala, ni kama kusema "tupite". Tolekiste akawa mtu wa mji, kama dereva wa teksi alivyo mtu wa Kinshasa.

Kisha ikaja vita. Kisangani ilichukuliwa na RCD Agosti 1998, na mto wa kwenda Kinshasa ukafungwa. Fikirini mji ambao umejengwa kwa sababu ya mto, halafu mto unafungwa. Barabara za mashariki zilikuwa zimekufa. Kilichokuja kilikuja kwa ndege, chumvi, sabuni, bidoni ya esansi, kila kitu kikiwa kimelipa tiketi. Juni 2000 Rwanda na Uganda walipigana siku sita ndani ya mji wetu, na mabomu yaliangukia nyumba za watu. Katika miaka ile kinga ndiyo iliyolisha Kisangani. Si toleka ya abiria tu. Wanaume walitembea siku nyingi wakisukuma kinga zenye magunia ya mchele, mihogo na mibidoni ya mawese kutoka vijijini, kutoka kwetu Opala pia, mpaka kivuko cha Lubunga. Walirudi na chumvi na nguo. Usiseme waliendesha: kinga yenye mzigo wa kilo mia haiendeshwi, inasukumwa, na fimbo imefungwa kwenye usukani.

Watu wa nje walipoandika juu ya toleka waliisifu kama werevu wa mwananchi, Artikle 15 safi kabisa. Ni kweli ni werevu. Lakini mimi nimekaa na wajomba waliofanya kazi ile, na wanachozungumza ni magoti, mgongo, na kula. Mtu anayesukuma kilo mia lazima ale. Mjomba mmoja aliniambia: "Mtoto wangu, esansi ilikuwa fufu." Nilicheka, halafu nikaona kwamba alikuwa amesema jambo ambalo sijalipata katika kitabu chochote cha uchumi. Nguvu haikupotea, ilibadilisha tanki.

Amani iliporudi, mto ukafunguliwa, barabara ya Beni mpaka Kisangani ikatengenezwa, na moto za kutoka Asia zikaingia kwa maelfu. Toleka ikashindwa. Ni maendeleo, sitalia juu yake. Ila tazameni kilichotokea: mji uliotembea kwa fufu ukaanza kutembea kwa kitu kinachotoka mbali kuliko chochote. Esansi yetu ina njia mbili. Ya kwanza inatoka baharini kwa Matadi, inapita katika bomba mpaka Kinshasa, halafu inapanda mto kwa baji karibu kilomita 1,700. Ya pili inashuka melini Mombasa, inavuka Kenya na Uganda, inaingia Kasindi, inapita Beni na Mambasa, zaidi ya kilomita 2,000 kwa lori. Kila jambo katika njia hizo ni bei yetu. Januari 2008 Wakenya walipogombana baada ya uchaguzi, reli iling'olewa Nairobi, na Uganda, Rwanda na miji yetu ya mashariki ikakosa mafuta. Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya Covid, na katika baadhi ya miji ya Uganda lita ilifika shilingi 10,000. Hapo vita ya Ukraine ilikuwa bado haijaanza. Ilianza mwezi uliofuata.

Mwaka 2022 ndipo kundi la kwanza na la pili, serikali ilipe au bei iachwe, walipopigana kwa nguvu kote nchini. Kwetu bei ya pampu inapangwa na Wizara ya Uchumi, kwa kanda. Bei ya dunia ikipanda na ya pampu ikabaki, tofauti inahesabiwa kama hasara ya makampuni, na serikali inakuwa na deni kwao. Deni likichelewa, makampuni yanaagiza kidogo. Kisha foleni, kisha Kadhafi anafurahi. Kwa upande mwingine Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo lilikuwa limefunga programu na serikali tangu Julai 2021, lilisukuma mzigo huo upunguzwe, na moja ya hoja zake ilikuwa ya haki kabisa: makampuni ya migodi yalikuwa yanakunywa mazutu ya bei ya mwananchi. Yakaondolewa katika bei hiyo. Hapo sina ugomvi na wachumi.

Ugomvi wangu uko mahali pengine. Msaada ule unasimama kwenye pampu. Na pampu iko wapi? Ninyi mnaotoka Opala mnajua. Kwetu esansi inauzwa katika chupa ya bia juu ya meza ya mbao, na bei yake haijawahi kusoma arrêté ya waziri. Serikali iliposhusha bei, mwenye gari wa mjini aliiona siku ileile. Kijijini ilifika nusu, au haikufika. Iliposema bei inapanda, ilifika kijijini kabla ya redio. Mkulima wa Opala alichangia katika lile deni, maana deni la serikali ni la wote, lakini faida yake alikuwa anaiona ikipita tu, ndani ya gari la mtu mwingine.

Na kundi la tatu, ndugu zangu wa mawese, mwaka 2022 uliwapa jibu gumu pia. Mafuta ya ardhini yalipopanda, mawese nayo yalipanda mpaka bei ambayo haijawahi kuonekana. Aprili 28 mwaka ule Indonesia ikafunga kusafirisha mawese nje, wiki tatu na zaidi, kwa sababu akina mama wake walikuwa hawapati mafuta ya kupikia. Nchi ya kwanza duniani kwa mawese! Sehemu ya sababu ni kwamba Indonesia tangu 2020 ilikuwa inalazimisha asilimia 30 ya mazutu yake itoke katika mawese. Ukiunganisha sufuria na injini katika pipa moja, bei zao zinapanda pamoja. Mwenye lori anaweza kulipa zaidi. Mama wa pondu je?

Kuna mambo mengine madogo ambayo barza haiyasemi. Mafuta ya Chavanne ni ya injini ya mazutu: lori, jenereta, balenyeri ya mtoni. Moto yako haitayanywa. Na ile alkoholi inatakiwa iwe kavu kabisa. Wako wanaosema lotoko ipo. Lotoko ina maji, bandugu, na ukitumia kichochezi cha soda penye maji utapata sabuni. Sabuni nzuri, sikatai, lakini si mazutu.

Hata hivyo sikubali kwamba wazo lifungwe tena kabatini. Jenereta ya hospitali ya kijiji, balenyeri moja ya Lomami, kinu kimoja cha kukoboa mchele, hizo ni injini za mazutu na ziko karibu na mingazi. Kwa injini za namna hiyo kilomita 2,000 zinakuwa tano. Hesabu ya Opala si hesabu ya Brussels wala ya Jakarta, na hakuna atakayetufanyia. Wenye agronomia wa Yangambi, wenye kemia wa UNIKIS, kazi iko pale, hata kama ni memoire moja ya licence inayopima lita ngapi kinu kimoja kinakunywa kwa mwezi na mingazi mingapi inahitajika. Ila katika memoire hiyo muweke safu moja ambayo taarifa ya 1942 haikuwa nayo. Nani anapanda mungazi, na analipwa ngapi kwa kichala?

Kwa wale wa kundi la kwanza, ningependa safu hiyohiyo. Mkidai serikali ilipe, semeni ilipe wapi. Pesa ileile inayoshusha bei ya lita Kisangani ingeweza kutengeneza daraja kwenye njia ya Opala, na lori moja likipita, bei ya chupa ya bia inashuka bila arrêté. Kundi la pili nao, mkisema bei iachwe, mseme ukweli kwamba kuna watu ambao bei hiyo itawarudisha kwenye kinga. Mimi ninawaona tayari. Mwezi uliopita nikivuka Lubunga nilihesabu kinga saba za mizigo kabla ya kufika kwenye mtumbwi, za mkaa na za mawese, na vijana wanaozisukuma ni wadogo kuliko mimi.

Mmoja alikuwa anarudi kijijini na bidoni ya lita 25 ya esansi imefungwa nyuma. Nilimuuliza kwa nini asiipe moto imbebee. Akaniambia moto itakunywa sehemu ya esansi ile njiani kwa ajili ya kuibeba, na itataka malipo juu. Yeye hanywi esansi. Atasukuma siku nne.